Uzi: Lipa kadiri utumiavyo kwenye programu za data ya wateja na masoko. Kabla ya bei, uliza uniti ni nini

MtazamaMita (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wenye maduka ya mtandaoni, watu wa masoko na mafundi wa data wanaokaribia kusaini mkataba wa programu inayotozwa kwa matumizi. Mkataba wa aina hiyo niliupitisha mimi mwenyewe kazini, na nilichojifunza kingenisaidia sana kama ningekikuta kimeandikwa kwa Kiswahili mapema.

Kisa ni hiki. Mwaka jana duka nililokuwa nikilifanyia kazi hapa Dar lilirusha matangazo ya Instagram kwa siku kumi wakati wa Sabasaba. Tulikuwa tunatumia mfumo wa nje (sitautaja) wa kukusanya data ya wateja. Mtu akifungua tovuti, akitazama bidhaa, akiweka kitu kikapuni, taarifa inaingia kwenye mfumo, nao unaisambaza kwenye programu ya barua pepe, ya matangazo na ya ripoti. Bili ya Julai ilikuja mara tatu ya ile ya Juni. Mauzo yalipanda, lakini hayakufika hata mara moja na nusu. Bosi akaniuliza swali moja tu: hizo hela za ziada zimenunua nini? Ilinichukua siku mbili kupata jibu.

Mfumo ulikuwa unahesabu "watumiaji wanaofuatiliwa kwa mwezi". Niliposoma neno "mtumiaji" kwenye mkataba nilimwona mteja akilini, mtu mwenye jina, namba ya simu na oda. Mfumo wenyewe haumjui mtu, unajua kitambulisho. Kila kivinjari kinachofungua tovuti bila mtu kuingia kwenye akaunti yake hupewa kitambulisho, na kila kitambulisho ni uniti moja. Mtu aliyebonyeza tangazo letu alifunguliwa ukurasa humohumo ndani ya Instagram, hiyo ikawa uniti ya kwanza. Jioni akatutafuta tena kwa Chrome, ya pili. Kesho yake yuko ofisini akafungua kwenye kompyuta, ya tatu. Hajanunua kitu, jina lake hatulijui, na tumemlipia mara tatu.

Wenye iPhone wana lao pia. Tangu 2019 kivinjari chao cha Safari kinafuta baada ya siku 7 vidakuzi (faili ndogo za kumkumbuka mgeni) vinavyowekwa na JavaScript ya tovuti kama mtu hajarudi. Anayepita dukani kila baada ya siku nane anaonekana mgeni kila mara. Na roboti zinazopekua tovuti usiku kucha nazo zilikuwa zinapewa vitambulisho, kwa sababu hatukuwa tumeweka kichujio chochote.

Watanzania tuna jina la bei ya namna hii tangu zamani na tunalitamka kila wiki: LUKU. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Tukiitazama LUKU vizuri tunaona pale programu hizi zinapotofautiana nayo, na hapo ndipo hela zinapopotelea.

Kwanza, mita ya LUKU iko ukutani kwako. Unaisoma mwenyewe saa yoyote. Mita ya programu iko kwa muuzaji, na mara nyingi ukurasa wa matumizi unachelewa siku moja au mbili. Pili, LUKU unalipa kwanza, uniti zikiisha taa inazima, kwa hiyo hasara yako ya juu kabisa ni giza. Programu nyingi unalipa baadaye, na uniti zikiisha hakuna kinachozimika, inaendelea kuwaka kwa bei ya ziada. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: uniti ya umeme ni kilowati-saa, Mwanza hadi Mtwara. Kwenye programu za wateja kila muuzaji ana uniti yake, na akiamua anaibadilisha.

Mifano ya uniti zenyewe, kutokana na zinavyoelezwa hadharani:

Segment, mfumo wa kukusanya data ya wateja (ilinunuliwa na Twilio mwaka 2020 kwa dola bilioni 3.2) inahesabu watumiaji wanaofuatiliwa kwa mwezi. Inachukua vitambulisho vya waliojitambulisha, inaongeza vya wasiojulikana ambao hawakuunganishwa na akaunti yoyote ndani ya mwezi huo. Kifurushi chao cha Team kimekuwa kikianzia dola 120 kwa mwezi kwa wageni 10,000. RudderStack, inayofanya kazi inayofanana na hiyo, inahesabu matukio: kila ukurasa uliofunguliwa na kila kitufe kilichobonyezwa na ukaamua kukirekodi. Sasa chukua duka lenye wateja 2,000 waaminifu wanaoingia kila siku, ulinganishe na gazeti la mtandaoni lenye wageni laki tano wanaosoma habari moja na kuondoka. Duka linafaidika kwa uniti ya watu. Gazeti linaumia vibaya kwa uniti hiyohiyo, na linapona kwa uniti ya matukio. Bei ya uniti moja haikwambii lolote mpaka ujue biashara yako inazalisha uniti zipi kwa wingi.

Kwenye barua pepe, Mailchimp inahesabu majina yaliyo kwenye orodha yako, hata kama mwezi huo hukutuma chochote. Brevo, ambayo hadi 2023 ilikuwa ikiitwa Sendinblue, inahesabu barua ulizotuma. HubSpot tangu 2020 inatoza wale tu uliowatia alama kwamba unawatangazia, wengine unawahifadhi bila kuwalipia kwa hesabu hiyo. Klaviyo inahesabu profaili hai, yaani watu unaoweza kuwatumia ujumbe, na tangu Februari 2025 idadi ikizidi kifurushi chako, unapandishwa kifurushi moja kwa moja.

Sisi tulifanyaje? Tuliacha kurusha data ya mgeni kwenye mfumo mpaka afanye jambo la maana, yaani aweke kitu kikapuni au aingie kwenye akaunti. Hesabu ya waliotazama tu tukaitoa kwenye kumbukumbu za seva yetu wenyewe, ambayo haitozi kwa kichwa. Roboti tukazichuja. Bili ya Septemba ikashuka chini ya ile ya Juni. Kuna tulichopoteza, lazima niseme: hatuoni tena njia aliyopita mtu kabla ya kikapu, na kijana wetu wa matangazo alilalamika kwa haki kabisa, maana kwake njia hiyo ndiyo inayoonyesha tangazo lipi limeleta mnunuzi. Tulikaa tukapima, tukaona kwa duka la ukubwa ule haikuwa na thamani ya bili ile. Duka kubwa zaidi lingeweza kuamua kinyume na likawa sahihi.

Karibuni. Hasa wenye uzoefu wa meseji na WhatsApp, maana huko mimi sijazama.

BintiTanga

Asante kaka kwa uzi huu. Ya meseji ninayo mimi, na inatuhusu Waswahili moja kwa moja.

Uniti ya meseji si meseji, ni kipande. Kipande kimoja cha maandishi ya kawaida ni herufi 160. Ukizidisha, ujumbe unakatwa vipande vya herufi 153, kwa sababu sehemu ya nafasi inatumika kuviunganisha upya kwenye simu ya mpokeaji. Haya yanahusu herufi zilizo kwenye seti ya kawaida ya GSM, yaani orodha ya herufi za msingi za meseji za simu. Ukiingiza herufi moja tu iliyo nje ya seti hiyo, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa kuandika, na kipande kinakuwa herufi 70, au 67 ukizidisha.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nashughulikia meseji za duka la pembejeo na dawa za mifugo. Tangazo letu lilikuwa la herufi 150, kuhusu chanjo ya ng'ombe. Nikapiga hesabu ya kipande kimoja kwa kila mfugaji. Salio likaisha kabla hatujafika nusu ya orodha. Kila mfugaji alikuwa amehesabiwa vipande vitatu.

Kilichosababisha ni ritifaa ya ng'ombe, ile alama ya juu baada ya g. Tangazo liliandikwa kwenye Word, na Word hubadilisha ile ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda. Iliyonyooka imo kwenye seti ya GSM, iliyopinda haimo. Herufi 150 gawa kwa 67, unapata vipande vitatu. Ng'ombe, ng'ara, ng'ambo, nyang'anya, maneno yetu yote ya namna hiyo yanabeba hatari hii ukinakili kutoka kwenye Word, na baadhi ya simu nazo zinaipinda zenyewe. Kuna wauzaji wa meseji wanaoibadilisha kabla ya kutuma, ila usitegemee mpaka ujaribu kwa namba yako mwenyewe.

Emoji nazo zinafanya hivyohivyo. Ua moja mwishoni mwa tangazo refu linaweza kuongeza bili mara mbili au tatu. Siku hizi naandika tangazo kwenye kihariri cha maandishi matupu, nalituma kwa namba yangu, naangalia salio limepungua kipande kimoja au vitatu, ndipo narusha kwa wote.

Mvuvi_wa_Takwimu

BintiTanga, nimesoma comment yako nikafungua kampeni zetu za Machi. Kuna "ng'ara" kwenye tangazo la sabuni. Imepinda. Asante sana dada.

StimaNaTokeni

Salamu kutoka Mombasa. Niongeze ya WhatsApp, maana huku Kenya biashara nyingi zimehamia huko na wengi bado wanapiga hesabu kwa sheria za zamani.

Kuanzia Februari 2022 WhatsApp ilikuwa ikitoza kwa mazungumzo ya saa 24. Ukifungua mazungumzo unalipa mara moja, kisha ndani ya saa hizo mnaandikiana mtakavyo. Tarehe 1 Julai 2025 uniti ilibadilika. Sasa biashara inatozwa kwa kila ujumbe wa kiolezo (ulioandaliwa mapema na kuidhinishwa na WhatsApp) unaomfikia mpokeaji, na bei inategemea aina ya ujumbe (wa matangazo, wa huduma ya oda kama risiti na taarifa ya mzigo, au wa namba ya uthibitisho) pamoja na nchi ya namba ya mpokeaji. Wa matangazo ndio unaouma.

Angalia uniti ikibadilika, tabia yako inatakiwa ibadilikeje. Zamani ukishalipia mazungumzo, hakukuwa na ubaya kumtumia mtu matangazo matatu ndani ya siku moja. Leo hayo ni malipo matatu. Kwa upande mwingine, mteja akikuandikia yeye kwanza, dirisha la saa 24 linafunguka. Ndani yake majibu yako ya kawaida hayatozwi, na hata kiolezo cha taarifa ya oda hakitozwi. Akija kupitia tangazo lenye kitufe cha WhatsApp, nawe ukamjibu ndani ya siku, unapata saa 72 za bure.

Kwa hiyo sisi tuligeuza mwelekeo. Badala ya kumsukumia mteja ujumbe, tunampa sababu ya kutuandikia. Kwenye kila mzigo tunaweka karatasi yenye msimbo wa kuskani: "Tuandikie tukuambie jinsi ya kukitunza." Mteja anaandika, dirisha linafunguka, tunazungumza naye kama watu. Gharama imeshuka, na mazungumzo ni mazuri kuliko ya tangazo.

Tahadhari moja: wengi wetu tunapitia kampuni ya kati, nayo inaweka chake juu ya bei ya WhatsApp. Wengine wanaongeza kidogo kwa kila ujumbe, wengine wanachukua ada ya mwezi. Omba bili inayotenganisha hivyo viwili.

HapanaKwaMita

Samahani mwanzisha uzi, ila mimi naona hii yote ni mtego. Zamani ulikuwa unanunua programu, unalipa kwa mwaka, unajua bei. Sasa kila kitu mita. Biashara ikifanikiwa kidogo, mwenye programu anakula kabla ya mwenye duka. Kwa nini tusidai bei moja ya mwezi, basi?

FundiWaSeva

HapanaKwaMita, hoja yako ni ya haki na nitakujibu kutoka upande wa pili wa kaunta. Nimefanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya kutuma meseji.

Programu za ofisini zilizoea kutoza kwa kiti: watumiaji kumi, malipo kumi. Kwa hesabu za kampuni au kusimamia miradi inaleta maana, kwa kuwa kila kiti kinafanya kazi inayokaribiana na kingine. Masoko hayako hivyo. Watu wawili wanaweza kukaa kwenye programu moja na kutuma ujumbe kwa watu milioni mbili. Kiti hakina uhusiano na gharama. Muuzaji naye analipa mtandao wa simu kwa kila kipande, analipa seva kwa kila sekunde na hifadhi kwa kila gigabaiti. Akikupa bei moja ya mwezi, atafanya moja kati ya mambo mawili. Ama ataiweka juu sana ajikinge na mtumiaji mkubwa kuliko wote, na hapo wewe mdogo unamlipia mkubwa. Ama ataandika "bila kikomo" halafu kwa maandishi madogo akuwekee kikomo cha "matumizi ya kawaida". Bando zetu za simu zimeshatufundisha hilo.

Ila nakubaliana nawe kwenye jambo moja, nalo ndilo ninaloliona kipimo cha muuzaji mwaminifu: uniti iwe ni kitu ambacho mteja anakitaka. Meseji iliyomfikia mtu naitaka. Oda niliyoiuza naitaka. Kitambulisho cha roboti sikitaki, na jina la mtu aliyejitoa kwenye orodha sina la kulifanyia. Muuzaji anayetoza kwa vitu ambavyo mteja hana haja navyo anapata faida kutokana na uchafu wa data yako, na hana sababu ya kukusaidia kuusafisha.

Soma pia ngazi za bei, maana watu wengi wanaziona sawa na si sawa. Chukulia muuzaji anasema uniti 10,000 za kwanza ni shilingi 50 kila moja, zinazozidi ni shilingi 30. Umetumia 12,000. Kwa hesabu ya ngazi kwa ngazi, 10,000 unalipia laki tano, 2,000 zilizobaki unalipia elfu sitini, jumla 560,000. Kwa hesabu ya pili, ukishavuka ngazi uniti zote zinapata bei mpya, 12,000 mara 30, yaani 360,000. Kuna na ya tatu, ya mafungu: ukivuka 10,000 hata kwa uniti moja unaingia fungu la 20,000 na kulilipia zima. Maneno kwenye tovuti yanaweza kufanana kabisa katika zote tatu. Mwambie muuzaji akuandikie mfano wa bili kwa namba zako, kwa barua pepe, kabla hujasaini.

MtazamaMita (mwanzisha uzi)

FundiWaSeva umeeleza vizuri. Kwa wale wa umeme wa D1 (daraja la matumizi madogo ya nyumbani), mnaijua hiyo ya kwanza tayari: uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100, zinazozidi kwa 350. Ila kwenye umeme kuvuka kunapandisha bei ya uniti, na kwenye programu kwa kawaida kunaishusha, mpaka utakapovuka kiasi ulichoahidi kwenye mkataba. Hapo mambo yanageuka.

Kuhusu ahadi ya mwaka. Muuzaji atakuambia, niahidi uniti milioni moja kwa mwaka nikupunguzie bei. Hilo ni bando. Usipolimaliza linaisha muda, ukilimaliza mapema unaingia nje ya bando, na bei ya nje ya bando ndiyo mstari unaopaswa kusomwa kabla ya mingine yote. Mimi naamini anayeanza asiahidi chochote kwa miezi sita ya kwanza. Lipa bei ya juu kidogo kwa uniti, ujue matumizi yako halisi, ikiwemo mwezi wa Ramadhani, Desemba na Januari ya ada za shule, ndipo uahidi. Na uahidi chini kidogo ya mwezi wako wa kawaida, usikisie kwa mwezi mkubwa.

Ada ya msingi ya jukwaa nayo ipo hata usipotumia uniti hata moja. Tuliozoea kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU kabla ya kupata uniti tunaielewa: gawanya malipo yote kwa uniti ulizopata, usigawanye kile kilichobaki baada ya ada.

MamaVitenge

Habari zenu wanangu. Mimi nauza vitenge na batiki, nina duka Kariakoo na ukurasa wa mtandaoni. Binti yangu ndiye aliyenifungulia programu ya barua pepe. Nina majina kama 3,400 hivi. Mwezi uliopita nilituma barua mbili tu, lakini nimekatwa kiasi kilekile cha mwezi niliotuma nane. Nimejaribu kuelewa mliyoandika hapo juu. Je, ina maana wananihesabia majina? Nikiyafuta itakuwaje?

MtazamaMita (mwanzisha uzi)

Shikamoo mama. Ndiyo, kwa maelezo yako wanahesabu majina, si barua.

Muombe binti afungue orodha aitazame kwa hali ya kila jina. Atakuta wanaopokea, atakuta waliojitoa wenyewe, na atakuta walioingia kwa kununua tu bila kuomba barua. Kama programu ni Mailchimp, makundi yote matatu yanaingia kwenye hesabu. Anwani moja ikiwa kwenye orodha mbili inahesabiwa mara mbili, kwa hiyo kama mna "wateja wa dukani" na "wateja wa mtandaoni" kuna watu mnaowalipia mara mbili. Majina yaliyowekwa kwenye kumbukumbu, yaani kwa kitufe cha kuhifadhi pembeni, hayahesabiwi.

Usiyafute kabisa yale ya waliojitoa, mama, yaweke kumbukumbu. Ukiyafuta, siku binti atakapopakia upya daftari la wateja, kwenye baadhi ya programu yanaweza kurudi kama majina mapya, na mtu aliyekuambia "sitaki barua" atapata barua. Hilo ni kumkosea mtu, na pia ni kosa mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Kisha pima. Kama unatuma barua mbili tatu kwa mwezi, programu inayotoza kwa barua zilizotumwa inaweza kukufaa zaidi. Brevo kwa mfano ina kiwango cha bure cha barua 300 kwa siku, ingawa kwa majina 3,000 itakuchukua siku kumi kuzungusha barua moja. Kwa ofa ya wikiendi haifai. Kwa barua ya kuonyesha mzigo mpya inavumilika.

Mvuvi_wa_Takwimu

Niongeze ya chini ya sakafu, huko kwenye ghala la data (hifadhi moja kubwa ambamo data zote za biashara hukusanywa na kuulizwa maswali), kwa sababu siku hizi wengi wanaambiwa "hamisha data kwenye ghala lako utaokoa hela". Inawezekana. Lakini mita haiishi, inahama tu.

Fivetran, inayohamisha data kutoka programu moja kwenda ghalani, inahesabu mistari hai kwa mwezi, yaani mistari ya jedwali iliyoongezwa au kubadilishwa. Mstari ukiguswa mara moja au mara mia ndani ya mwezi, ni uniti moja. Ni utaratibu mzuri. Ila tulikuwa na kazi ya usiku iliyokuwa ikiandika upya tarehe ya "imesasishwa" kwa wateja wote, hata ambao hakuna kilichobadilika kwao. Kwa hiyo kila mwezi jedwali zima lilikuwa hai, pamoja na wateja wa miaka minne iliyopita. Mstari mmoja wa msimbo, "sasisha pale tu kilichopo kinapotofautiana", ukaondoa sehemu kubwa ya hesabu.

BigQuery, ghala la data la Google, inatoza kwa data inayosomwa, si kwa jibu unalolipata. Kwa mikoa ya Marekani ni dola 6.25 kwa tebibaiti moja (zaidi kidogo ya gigabaiti elfu moja), na ya kwanza ya kila mwezi ni bure. Chukulia jedwali la matukio la gigabaiti 500 linaloongezewa data kila dakika, na dashibodi ya masoko inayolisoma lote kila saa. Hiyo ni mara 720 kwa mwezi, zaidi ya dola 2,000. Ukiligawa jedwali kwa tarehe na dashibodi ikasoma siku ya leo tu, tuseme gigabaiti 5, bili iko chini ya dola 20. Kuweka kikomo cha mistari kumi kwenye swali hakusaidii, kwa kuwa usomaji umeshafanyika. Jambo jema ni kwamba unaweza kuweka kikomo cha usomaji kwa siku, kikifika swali linakataliwa. Hiyo ndiyo LUKU ya kweli, taa inazima.

Snowflake, ghala jingine la data, inatoza mashine kwa sekunde, lakini kila ikiamka unalipia sekunde 60 angalau. Ripoti ndogo ya sekunde tatu inayojirudia kila dakika tano unailipia angalau dakika nzima kila mara.

KaratasiNyeupe

Mimi ni mhasibu, nimesoma uzi mzima. Ninyi mafundi mnazungumzia uniti, sisi tunaishi na mambo mawili ambayo hayajatajwa.

La kwanza ni dola. Mapato ya duka ni shilingi, bili ni dola, na bili yenyewe haijulikani mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo bajeti ina vitu viwili vinavyotembea kwa wakati mmoja. Ninachofanya ni kuomba kutoka kwa fundi namba moja kila Ijumaa: uniti zilizotumika tangu tarehe mosi. Nazidisha kwa bei, nazidisha kwa kiwango cha dola cha siku hiyo, namwandikia bosi. Tukiona katikati ya mwezi tumeshavuka theluthi mbili, tunakaa. Inachukua dakika kumi.

La pili ni kodi. Bei za tovuti za nje kwa kawaida hazina VAT ndani yake, na kwetu ni 18%, kwa ndugu zetu wa Kenya 16%. Mtu akileta bajeti yenye bei ya tovuti tupu namrudishia.

Na ombi kwa mafundi: msiunganishe kadi ya kampuni kwenye programu yoyote inayotozwa kwa matumizi kabla hamjaweka tahadhari ya matumizi na kujua kama programu ina kikomo cha kusimamisha au ina barua ya onyo tu. Onyo linafika kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi Februari. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

HapanaKwaMita

Nimeelewa zaidi kuliko nilipoanza. Bado siipendi mita, lakini KaratasiNyeupe amenipa cha kufanya Ijumaa hii.

MamaVitenge

Wanangu, nimekaa na binti leo. Tumekuta majina 3,412. Waliojitoa ni 540, na waliokuwa kwenye orodha zote mbili ni 386. Tumewaweka waliojitoa kumbukumbu na kuziunganisha orodha kuwa moja. Sasa tunasoma 2,486, na binti anasema tumeshuka chini ya 2,500 kwa hiyo kifurushi kinabadilika mwezi ujao. Nimemwambia aweke karatasi ukutani karibu na mita ya LUKU, kila Jumapili aandike namba mbili, ya umeme na ya majina.

Dada wa Tanga, na mimi barua yangu ya Idi ilikuwa na maua mengi. Hayo kwenye barua pepe yanahesabiwa?

BintiTanga

Hapana mama, kwenye barua pepe weka maua upendavyo, hayatozwi. Ni kwenye meseji za simu tu.